Namba Tatu za Miriam

Mama aliifungua ncha ya khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akailainisha juu ya meza kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale.

"Shikamoo, mama," alisema Shamila, macho yakiwa bado kwenye saa ya ukutani.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Miriam. Nimetoka kule nyuma ya Hombolo, barabara inakopita. Orodha imebandikwa kwa mtendaji wa kijiji. Wanangu hawamo."

Barabara mpya ilikuwa inakuja kuyakata makaburi ya zamani ya kijiji. Kaburi lenye ndugu lingehamishwa kwa heshima zake zote. Lisilo na mwenyewe lingepitiwa na greda Jumatatu. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Ofisi ndogo ya Area D, mjini, alikofanya kazi Shamila ndiyo iliyoandaa orodha ya makaburi yenye ndugu, na aliyeiandaa hasa alikuwa yeye.

"Labda walioandika kijijini walikosea," alisema, na mwenyewe akasikia jinsi maneno yale yalivyomtoka kwa wepesi.

"Niliwataja kwa kinywa changu. Watatu."

Shamila alifungua faili la kijiji. Wote watatu walikuwamo. Faili lilikuwa na sehemu mbili: kaya upande mmoja, makaburi upande wa pili, kila kaburi na namba yake. Kaya haikubeba kaburi lenyewe. Ilitaja namba tu. Kazi yake ilikuwa kuandika maelekezo kwa lugha ya kompyuta iitwayo XSLT, ambayo huisoma kaya, huifuata namba iliyotajwa, hulichagua kaburi lenye namba hiyo na kulinakili chini ya jina la kaya. Aliyajaribu kwa kaya tano, zikatoka safi, akatuma. Akili yake ilikuwa imeshahamia Dar es Salaam, kwenye usaili wa kazi ya maana zaidi. Tiketi ya treni ya jioni hiyo ilikuwa kwenye simu yake.

Sasa alikuwa hatulii. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Aliisoma mistari yake kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, mguu ukicheza chini ya meza bila idhini yake. Miriam alikaa kwenye benchi la wageni, karatasi yake mapajani.

Karibu na adhuhuri aliliona kosa. Kaya ya Miriam ilitaja namba tatu katika mstari mmoja, zikitenganishwa kwa nafasi tu: K114 K115 K116. Maelekezo yake yalizichukua zote kama namba moja ndefu, yakatafuta kaburi la namba hiyo, yasilione, yakanyamaza. Aliyezika mmoja alimpata wake. Aliyezika wawili au zaidi hakupata hata mmoja. Alihesabu. Kaya arobaini na moja.

Thobias, mkuu wa ofisi, alisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Rekebisha, tutume," alisema kwa sauti ya chini. "Tuseme kijiji kimeleta nyongeza."

"Kijiji hakikuleta nyongeza."

"Shamila, wewe una safari. Usijitafutie makubwa."

Shamila alimtazama Miriam, aliyekuwa akiikunja tena karatasi yake kwa kufuata mikunjo ileile. Kisha akampigia simu mtendaji.

"Majina yaliyokosekana ni kosa langu," alisema. "Ninyi mliandika sawasawa."

Mtendaji akajibu: "Dada, tangu juzi watu wananiambia nimekula wafu wao. Njoo uwaambie mwenyewe."

Kuzitenganisha namba zile, ili kila moja ifuatwe peke yake, kulimchukua dakika kumi. Kwamba zilitosha dakika kumi tu ndiko kulikomuuma. Jioni treni iliondoka bila yeye.

Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya ofisi ya kijiji, vumbi jekundu limemjaa viatuni, akisoma kaya moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo ni mashine haikutuona?" mzee mmoja aliuliza kwa ukali.

"Hapana, babu. Mashine ilifanya nilivyoiagiza. Niliiagiza vibaya."

Mzee alimkazia macho, akaguna. Shamila hakujua kama amesamehewa. Akaendelea kusoma.

"Kaya ya Miriam. K114, Abeli. K115, Joshua. K116..." Akasita. Mbele ya namba hiyo hapakuwa na kitu.

Miriam alisogea karibu. "Huyo aliishi siku mbili," alisema. "Hatukuwahi kumpa jina."

"Tunaweza kuliandika sasa, mama, kama mnalo. Litawekwa kwenye kibao chake."

Miriam aliangalia kompyuta iliyokuwa mapajani mwa Shamila, pale penye nafasi tupu, kijistari kikiwaka na kuzima.

"Ngoja," alisema. "Nikamuulize baba yake."

Akajifunga khanga vizuri, akashika njia ya shambani, katikati ya mizabibu, kwa mwendo wa mtu asiyekimbizwa. Nyuma ya Shamila watu walikuwa bado wanasubiri kusomewa. Hakuna aliyemwambia aendelee kabla ya Miriam kurudi.