Kiti cha Mlangoni

Katika ukumbi wa ofisi ya elimu wilayani, wakuu wa shule zetu nane za sekondari za serikali huketishwa kwa kufuata matokeo ya mwaka uliopita. Wa kwanza hukaa mbele, karibu na feni. Wa mwisho hukaa mlangoni, kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya. Mkuu wetu alikikalia miaka mitatu mfululizo, nami makamu wake nikisimama nyuma na faili, damu ikinichemka.

"Mama Mlango, hujambo?" akamtania mkuu wa shule ya kwanza. Huyo tulimbandika jina Tai.

"Sijambo, kaka. Nawalindia mlango."

Mimi nisingemjibu kwa upole hivyo. Kila mwaka, mtihani ukikaribia, Tai huwafukuza wanafunzi dhaifu wasije wakamharibia wastani. Safari hii aliwatoa kumi na wanne, na Mama akawapokea wote. Nilimwambia anajipalia makaa, maana barua ilishafika: akiwa wa mwisho tena, anavuliwa ukuu.

"Mwalimu, wewe fundisha hesabu," akanijibu. Kisha akaweka sheria moja: aliyeelewa swali haendi nyumbani mpaka amweleze mwenzake naye aelewe. Jioni ngapi nimewabembeleza watoke nifunge madarasa!

Siku hiyo ukumbini, afisa elimu akaanza kusoma matokeo mapya kutoka chini. "Ya nane..." Nikafumba macho. Haikuwa yetu. Ya saba, si sisi. Ya sita, ya tano, ya nne, bado. Ilipotajwa ya tatu nikadhani wametusahau.

"Ya pili," akasema, akaitaja shule ya Tai.

Nilipiga kelele kabla hajatutaja. Na nililia, sioni haya kusema, mtu mzima na mvi zangu.

"Ya kwanza hakufeli hata mmoja," afisa akaongeza.

"Hata wale wangu?" Tai akauliza.

"Wangu," Mama akamsahihisha.

Mkuu wa shule ya nane, kijana aliyeteuliwa mwaka huohuo, alikuwa ameshakusanya karatasi zake, anaelekea kwenye kiti cha mlangoni kichwa chini. Mama akamwahi. Alikibeba kile kiti, waya ukining'inia, akapita nacho katikati ya ukumbi hadi mbele, akakiweka chini ya feni, akakikalia.

"Rudi ukae ulipokuwa, mwanangu," akamwambia. "Mlangoni hakuna kiti tena."