Gari Lililozimwa kwa Heshima

Moshi wa buluu ulifika uani kabla ya gari lenyewe. Ulipanda kutoka barabarani, ukapita juu ya migomba, ukatanda penye jungu la mawese alilokuwa akilikoroga Bibi Honorata, hata asijue ni moto upi unaomwasha macho. Kisha akaisikia sauti. Haikuwa ile filimbi nyembamba aliyoizoea kila jioni mjukuu wake alipoumaliza mlima wa kuingia Mwandiga. Hiki kilikuwa kilio cha chuma kinachokwaruza chuma. Bariki alizima injini papo hapo, akashuka, akapiga makofi mepesi ya salamu, akauliza habari za mchana, za mbuzi, za goti la bibi yake, kana kwamba nyuma yake hakuna kitu kinachoungua.

Honorata aliitikia salamu zote mpaka ya mwisho. Salamu ya Muha haikatwi katikati, hata nyumba ikishika moto. Ila siku hiyo kila neno lilimtoka kama anayemeza mwiba, kwa sababu alikwisha kuelewa nini kimetokea, na nani amekitenda.

Gari lile lilikuwa la marehemu Dismasi, mwanawe wa pekee, baba yake Bariki. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, limeinamisha pua kama paka anayenyemelea. Dismasi aliliendesha kwa nguvu zake lenyewe; injini ilivuta pumzi kama tunavyovuta sisi, bila kupuliziwa na mtu. Bariki ndiye aliyeona haitoshi. Malori ya dagaa yalimpita mlimani, madereva wakimpungia mkono kama wanaoaga maiti, naye akaapa kulitia turbo gari la baba yake. Honorata alikataa kwanza. Alisema hataki marehemu atiwe pumzi asiyoiomba. Mwisho akalegea, maana kijana hakuachiwa kitu kingine na baba yake ila gari hilo na meno yaliyopishana.

Kazi ilifanywa na Abeid, fundi wa gereji ya Rusimbi, mtoto wa Ujiji, rafiki wa Bariki tangu wote wawili wakiwa vibogoyo. Aliifanyia uani hapo hapo, Bibi akipita na maji, akiuliza hiki na kile, naye akimjibu bila kuchoka. Alimwambia turbo ni feni mbili ndogo katika mhimili mmoja: moja inazungushwa na moshi unaotoka, ya pili inasukuma hewa inayoingia, na injini ikila hewa nyingi inapata nguvu nyingi. Aliweka gasketi nene zaidi ili pistoni zisielemewe, akabadilisha nozeli ili petroli ilingane na hewa mpya. Alipokwisha kunawa mikono ndipo alipotoa neno la mwisho.

"Likitoka mlimani msilizime ghafla. Liacheni lingurume polepole, muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, oili izunguke ipoe. Ukilizima lina moto, oili inasimama juu ya chuma chekundu. Bibi, wewe ni mpika mawese. Jungu lisilokorogwa unalijua."

Honorata alicheka, akasema analijua kuliko anavyoijua njia ya kanisani.

Basi hilo ndilo lililomkaa kooni. Alijua. Asingeweza kujificha nyuma ya uzee wala nyuma ya darasa la nne alilolikatisha. Aliambiwa kwa lugha ya jungu lake mwenyewe, akaelewa, kisha akajisahaulisha.

Jioni ya kwanza Bariki alipanda mlima kama anayefukuzwa, akaingia uani, akabaki ndani ya gari injini ikinguruma, akimtabasamia bibi yake kupitia dirishani. Majirani walikuwa wamekuja kutazama. Honorata alisimama mbele yao, mikono ameikunja tumboni, akingoja kuamkiwa. Akangoja. Chuma kikawa kinasema, mjukuu kanyamaza. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu ikaja hasira.

"Baba yako hakuniamkia hata siku moja akiwa ameketi," alisema. "Zima hilo dubwana. Mimi si kituo cha mafuta."

"Bibi, fundi alisema..."

"Fundi ndiye aliyekulea?"

Bariki akazima. Tangu hapo alizima kila jioni, papo kwa papo, magurudumu yakiwa hayajatulia vizuri. Honorata aliupenda ukimya ule. Aliupenda kama mtemi anavyopenda ngoma inyamaze apitapo. Majirani walisema Mwandiga nzima hakuna kijana mwenye adabu kama Bariki, na bibi mtu akanenepa kwa maneno hayo, kumbe anakula turbo.

Siku iliyofuata ule moshi, Abeid alikuja akaifungua turbo. Mhimili ulicheza kati ya vidole vyake kama jino la mtoto. Ndani, pale oili ilipopaswa kupita, palikuwa na ukoko mweusi mgumu. Abeid aliukwangua kwa ukucha, akauliza bila ukali kama walikuwa wanaliacha gari lipoe kabla ya kulizima.

"Kila siku," alijibu Bariki. Hakumtazama bibi yake.

Honorata alikuwa ameshika sinia la chai. Akaliweka chini, akamimina kikombe. Abeid alimtazama Bariki, akamtazama na yeye kidogo tu, kisha akaurudisha uso wake kwenye ule ukoko.

"Basi nitakuwa nimekosea mimi," alisema. "Huenda nililipinda bomba la oili." Akakusanya spana zake. Chai hakuinywa.

Mji wa Kigoma si mkubwa, na habari ya fundi aliyeharibu haina haja ya nauli. Madereva wa Rusimbi walimbatiza Abeid jina la Fundi Moshi. Walisema mwenye mbu nyumbani asinunue dawa, apeleke gari kwa Abeid. Mmoja aliondoa gari lake, na wengine wakafuata kama mbuzi wanaomfuata aliyeruka uzio. Bariki ndiye aliyeleta habari hizo, akizisema huku macho yake yako kwenye sahani ya mgebuka. Siku moja akaongeza kwamba Abeid anafungasha vyombo aende Uvinza, akawe msaidizi wa fundi mwingine.

Honorata alisubiri kijana aseme zaidi. Kijana naye, yaelekea, alikuwa akimsubiri yeye. Wakala samaki mpaka mifupa.

Subira ilikuwa sifa yake tangu usichana, na sasa aliiona kwa sura nyingine. Kuna subira ya mkulima angojaye mvua, na kuna subira ya mtu aliyekalia kitu asichotaka kionekane. Asubuhi iliyofuata mawese yalimshikia chini ya jungu, yeye aliyepika tangu hajavunja ungo. Akaliepua, akajifunga khanga, akashuka Rusimbi.

Alimkuta Abeid chini ya kile walichokiita mwembe wa chuma, banda la mabati ambamo mafundi waliegemeza makorokoro yao, akifunga spana kwa mpira wa baiskeli. Madereva wanne walikuwa wamekaa kwenye matairi. Abeid aliinuka upesi, akamwamkia, akamtafutia kigoda. Honorata hakuketi.

"Ni mimi niliyekuwa nikimzimisha gari," alisema. "Alitaka kuliacha lipoe, nikamkataza. Niliona ananidharau."

Abeid alizungusha mpira mara moja zaidi kwenye spana zake.

"Najua, Bibi."

"Unajua?"

"Oili haisemi uongo. Ule ukoko ni wa gari linalozimwa lina moto, tena si mara moja. Na nilimwona Bariki hakutazami."

"Kwa nini ukajitwika?"

"Ningesema nini? Nimwambie mwenzangu mbele yako kwamba anadanganya? Au nikwambie wewe, ambaye nimekula kwako tangu utoto?"

Honorata aliwaona wote wawili kwa mpigo, mjukuu na fundi, kila mmoja amebeba upande wake wa mzigo, wakimpitisha yeye katikati asiguswe hata na vumbi. Heshima aliyoidai mbele ya majirani, vijana hawa wawili ndio walioilipia. Akawageukia madereva, akayarudia maneno yake kwa sauti, moja moja, kama anayehesabu mbegu mbele ya shahidi.

Walimsikiliza kwa adabu. Mmoja akavua kofia. Kisha yule mnene aliyekaa katikati akatabasamu kwa huruma.

"Bibi, Mungu akubariki. Wazazi kama wewe ndio tuliobakiwa nao. Mtoto wa watu kaharibu, unamfunika." Akamgeukia Abeid. "Umeona, Fundi Moshi? Umemtoa mwanamke mzima Mwandiga aje akusafishe."

Wenzake walicheka. Honorata alisema tena kwamba anasema kweli, wakamkubalia kwa vichwa, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa. Mvi zake, ambazo zilitosha kumnyamazisha kijana na injini yake, hazikutosha kumfanya aaminiwe kuwa amekosa.

Alirudi Mwandiga jua likiwa limeanza kuelekea upande wa Kongo. Bariki alikuwa ameinamia boneti la gari la baba yake, hakuna anachofanya. Bibi yake hakumngoja amwamkie. Alimweleza alikotoka na alivyojibiwa, akamwambia wanaume wale hawatamwamini mwingine ila mwenye gari.

"Nikisema," Bariki alijibu polepole, "watakuita mwanamke aliyeliua gari la mwanawe."

"Na waniite."

"Na mimi wataniita mwongo."

"Na wakuite. Tutaitwa wawili."

Bariki alitoa simu, akaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Honorata alimwomba aweke spika, na Abeid akipokea amwombe awasogelee wale wa kwenye matairi. Simu ikaita. Ilipopokewa, uani pakajaa nyundo za Rusimbi na kicheko cha mtu aliyekuwa akimalizia hadithi.

"Bariki," ilisema sauti ya Abeid, na baada ya kitambo, kwa upole ule ule, "Bibi amefika salama?"

Bariki alimtazama bibi yake, akasema, "Amefika. Wasogelee wale wa kwenye matairi, nao wanisikie." Kule upande wa pili, moja moja, nyundo zilikuwa zikitulia.