Mutai Mbele ya Mikono Elfu

Waringa alimwambia mwenyeji wake kwamba anatamani kuiona ile pagoda kongwe, hekalu la Wabudha wa Vietnam, kabla hajarudi Kenya. Nkatha alicheka. Walisoma pamoja chuo cha ualimu, na sasa yeye alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao kule Wheaton, Marekani.

"Wewe, mtu wa kanisa hivyo? Pagoda ya nini? Twende mall ukanunue viatu."

"Viatu hata Nyahururu viko. Nipeleke."

Hakusema kwamba aliiona picha ya pagoda hiyo mtandaoni, na ndani ya picha, amesimama mlangoni miguu mitupu, kavaa joho la kijivu na tabasamu la mtakatifu, alikuwamo mume wa marehemu dada yake.

Mume huyo, Mutai, alikwenda Marekani akimwahidi mkewe Audrey kwamba atamvuta amfuate. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Kisha Audrey akaugua figo, simu zikapungua. Alipoanza kusafishwa damu, zikakatika kabisa. Waringa ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemshika kichwa akitapika, ndiye aliyemdanganya kwamba huenda mume amebanwa na kazi. Audrey alikata roho simu ikiwa mkononi. Mutai hakuja kuzika, wala hakutuma neno la pole. Tangu hapo Waringa alilala na hasira na kuamka nayo. Alipopata viza, watu wa nyumbani walimpongeza kwa bahati yake ya kutembea. Mama yake peke yake ndiye aliyejua anakwenda kufanya nini.

Jumamosi asubuhi Nkatha aliegesha gari chini ya mialoni. Pagoda ilikuwa nyuma ya duka la matairi, ukuta wake wa manjano umefifia, mapaa yake ya vigae yamepinda juu kwenye pembe. Wazee waliokimbia vita kwao ndio walioijenga, kwa mikono yao. Wageni wengine walikuwa wastaafu kutoka Arlington, pamoja na Dakarai, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu. Alipowasikia Waringa na Nkatha wakiongea huku wakivua viatu, uso ulimchangamka.

"Hamjambo, dada zangu? Karibuni sana!"

Ndipo mwongozaji akatoka ndani. "Huyu sisi humwita Rafiki," alisema mtawa mkuu, mama mfupi aliyenyoa kichwa.

Waringa alijibanza nyuma ya watu. Rafiki huyo alikuwa Mutai, naye amenenepa. Aliongea Kiingereza laini, akawaonyesha kengele, akawaonyesha sakafu iliyolika kwa magoti ya waumini, mpaka wakafika mbele ya sanamu kubwa ya mbao ya mtakatifu wao wa huruma, yenye mikono iliyotanda kama mkia wa tausi.

"Mikono elfu," alisema, "na kila kiganja kina jicho. Huyu husikia kilio cha kila anayeteseka duniani. Mimi hapa nimejifunza jambo moja tu: kusikiliza."

Bibi mmoja alifuta machozi. Waringa akajitokeza mbele.

"Nina swali," alisema kwa Kiswahili.

Mutai aligeuka. Sauti ile ilifanana mno na ya Audrey. Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini rangi ilimtoka.

"Shemeji," alinong'ona. "Umefika lini?"

"Aliyekuwa akilia Nakuru hospitali, ulimsikia?"

Hakungoja jibu. Alitoa simu ya marehemu, yenye kioo kilichopasuka. Humo mlikuwa na jumbe za sauti ambazo Audrey alimtumia mumewe, kila moja na alama moja tu ya kijivu ya ujumbe usiofika, maana Mutai alikuwa amemblock, amemfungia asimpate. Waringa aliinua simu juu, akabonyeza.

*Mutai, ni mimi. Leo nimeshindwa kufika chooni, Waringa amenibeba. Sikuombi kitu. Sema hello tu, nisikie sauti yako nilale.* Kikohozi kirefu. *Ama basi. Wewe umekula?*

Bibi yule aliuliza, "Anasema nini?" Wote wakamgeukia Dakarai.

"Unataka nitafsiri?" alimwuliza Waringa taratibu.

"Neno kwa neno."

"Waringa, tafadhali," Mutai alisema. "Sio hapa. Hawa watu wananiheshimu."

"Ndiyo maana nimekuja hapa."

Dakarai alitafsiri. Alipofika kwenye *umekula*, alisita, kisha akamaliza. Bibi yule alirudi nyuma hatua moja, akimwacha Mutai peke yake chini ya ile mikono. Mutai alipiga magoti akalia kwa sauti, makamasi yakimtoka.

"Niliogopa kumwona akifa," alisema.

"Yeye je, hakuogopa?"

Mtawa alimshika Waringa mkono, akampeleka kando, kwenye meza ndefu iliyopangwa picha za marehemu na vijiti vya ubani. Akamwambia kwamba akiwa na picha ya dada yake wataiweka hapo, wamwombee. Waringa aliwafikiria wazee wa kanisa lake. Wangemweka kikao, wamhoji kwa kuombea wafu hekaluni.

"Nani hufuta vumbi hapa?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Rafiki. Kila asubuhi."

Waringa alifungua mkoba, akatoa programu ya mazishi iliyokuwa na Audrey kwenye jalada, akicheka. Aliisimamisha yeye mwenyewe katikati ya meza, ikitazama pale mfuta vumbi anaposimama.

Mutai aliwafuata hadi kwenye gari, miguu mitupu juu ya kokoto. "Nisamehe, shemeji."

"Kamwombe yeye. Mtaonana kila asubuhi."

Nkatha aliendesha mpaka barabara kuu. "Si ungeniambia?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza kabisa. Kesho Wakenya wote hapa watakuwa nayo hiyo story."

"Wawe nayo."

Alimpigia mama yake. Kwao jioni ilikuwa inaingia.

"Umempata?" mama aliuliza.

"Nimempata."

"Alilia?"

"Alilia, Mama. Mbele za watu."

Waringa alisikia mlango ukifungwa upande wa pili, kisha kiti kikivutwa.

"Haya, niambie tena," mama alisema. "Polepole. Anzia pale aliposikia sauti ya mtoto wangu."