Baba wa Kuazima

Karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa jengo saa mbili asubuhi, na kufikia saa mbili na robo Fundi, mshona nguo wa namba sita, alikuwa ameshaisoma mara nne, na kila akiisoma inamtukana upya. Namba kumi na nne: watu wanne. Namba sita: mtu mmoja. Mtu mmoja! Yeye aliyemwogesha baba yake asubuhi hiyohiyo, akamvalisha shati, akamkatia mkate vipande vidogo kwa sababu mkono wa kulia haufanyi kazi tangu kiharusi, yeye leo anaandikwa mtu mmoja. Na chini yake, kwa herufi nene: mpangaji wa namba sita atahamishiwa chumba kimoja, jengo la nyuma, ghorofa ya nne. Siku kumi na nne.

Ghorofa ya nne, ngazi tupu, lifti hakuna. Mzee mwenyewe akipanda ngazi tatu anasimama kuhema. Wakimpandisha huko, basi atashuka siku ya kuzikwa.

Haya, tuseme ukweli kabla hasira hazijatupeleka mbali: Fundi naye alichangia. Nyumba zile ni za ruzuku. Serikali inalipa sehemu kubwa ya kodi, mpangaji anamalizia, na sheria yake ni vichwa. Vyumba viwili ni vya watu wanne, au vya mtu anayetunza mzee mgonjwa. Ukipungua, unahama. Mwaka huu wakaleta uhakiki mpya na kimashine cha kusoma kidole gumba, na siku mkaguzi alipoanza na ghorofa ya kwanza, Mama Pacha wa namba kumi na nne alishuka ngazi mbio, chanuo bado liko mkononi. Huyu ni msusi, anasukia wateja sebuleni kwake, na sebule yake iko juu kabisa ya dari ya Fundi. Mume wake alikuwa ameondoka miezi mitano nyuma bila hata kuaga, akamwacha na mapacha. Hesabu: vichwa vitatu.

"Shoga yangu, nifae leo. Niazime baba."

"Nikuazime nini?"

"Baba! Nusu saa tu. Nimepungukiwa kichwa kimoja. Kwako mkaguzi hafiki leo, ghorofa ya chini ni wiki ijayo."

Fundi alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Kisha akaenda kumwuliza mzee, maana baba wa mtu si ungo wa kuazimana dirishani. Mzee alikuwa mwashi enzi zake, mtu wa utani, akajibu, "Kama kuna chai, mimi naenda." Wakampandisha wawili, mmoja huku mmoja kule. Mkaguzi akampiga picha, akamgandamiza kidole, akaenda zake, na Mama Pacha akamkumbatia Fundi huku analia kwamba fadhila hii hataisahau mpaka kufa.

Wiki iliyofuata mkaguzi akaja namba sita. Mzee akaweka kidole kilekile. Kimashine kikalia, tii, mkaguzi akatazama kioo, akaandika kitu, akaondoka bila kusema neno. Nani alijua kile kidude kina kumbukumbu? Si Fundi, si Mama Pacha. Sasa mzee ni wa namba kumi na nne, na posho yake ya wazee, ile inayomnunulia dawa ya presha, imemfuata hukohuko juu.

Fundi akapanda. Akamkuta Mama Pacha amesimama nyuma ya mteja, vidole vinakwenda mbio.

"Umeiona karatasi?"

"Nimeiona, shoga. Nimesikitika sana."

"Usisikitike. Vaa viatu twende ofisi ya nyumba ukaseme ukweli."

Vidole vikasimama. "Nikisema ukweli nahamishwa mimi. Chumba kimoja, watoto wawili, na wateja nitawaweka wapi? Kichwani?" Akashusha sauti. "Subiri mambo yatulie. Dawa za mzee nitakuletea mwenyewe kila mwezi. Mimi na wewe si ndugu?"

"Ndugu! Siku kumi na nne natupwa na mgonjwa ghorofa ya nne, wewe unaniambia nisubiri?"

"Hukulazimishwa, dada. Ulikubali."

Alisema hivyo na uso mkavu, akarudi kwenye nywele. Fundi akashuka ngazi mbili mbili.

Mchana ule Mwenyekiti wa jengo akaita kikao kwenye chumba cha kufulia. Fundi alikwenda akiamini watu watamtetea. Masikini! Angekumbuka kwanza wanaokaa mle. Mwenyekiti ana gari la mizigo analiegesha mtaa wa pili lisionekane. Mama wa namba tisa ana mume mzima wa afya, ambaye kila ukaguzi ukija anatokea mlango wa nyuma na viatu mkononi. Mwalimu mstaafu wa namba tatu ana nyumba yake ya urithi, ameipangisha. Kila mtu anajua la mwenzake, na kila mtu kameza ulimi.

"Fundi, mdogo wangu," Mwenyekiti akaanza, sauti laini kabisa, "ukienda kule ofisi ya nyumba watahakiki jengo zima upya. Utatuponza wote kwa ajili ya chumba."

"Kwa ajili ya baba yangu!"

"Baba yako ulimtoa mwenyewe," akadakia mama wa namba tisa. "Hakuna aliyekuibia."

"Na sheria ni sheria," Mwalimu akasema. Huyo mwenye nyumba yake!

Muuza mitumba wa namba mbili peke yake ndiye aliyesimama. "Jamani huu ni uonevu. Mzee hawezi kutembea, mnamjua nyote, mnamwamkia kila siku. Mnaona haya gani kusema anakaa wapi?"

"Wewe kaa chini, yule shemeji yako aliyekuja wiki moja ana mwaka sasa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na chumba kizima kikalipuka. Huyu anamtaja mume wa yule, yule anataja gari la huyu, Mwenyekiti anapiga beseni kwa mkono kuomba utulivu. Mama Pacha alikuwa amekaa pembeni karibu na mabomba, kimya, anatazama kucha zake. Walipochoka kutukanana wakakubaliana jambo moja tu: Fundi anyamaze.

Damu ilimchemka mpaka masikio yakaziba. "Sawa," akasema. "Serikali imeandika mzee ni wa namba kumi na nne, na nyinyi mmekubali. Basi mpeni nafasi, anahamia."

Walidhani ni maneno.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake dirishani, redio mapajani, anamsubiri binti yake amweleze kikao. Fundi hakueleza kitu. Alichukua mfuko, akatia dawa, taulo, kopo la haja ndogo, shati la kubadilisha. Akachuchumaa mbele ya kiti akampa mgongo.

"Shika shingo, baba."

"Tunakwenda wapi?"

"Juu."

"Kuna nini juu, mwanangu?"

Akainuka naye. Ngazi kumi na nane alizipanda na baba mzima mgongoni, fimbo ya mzee inagonga ukuta kila hatua, jasho linaingia machoni, na hasira ndiyo iliyokuwa inambeba. Angeulizwa wakati ule angesema angeweza kumbeba mpaka jengo la nyuma na kurudi.

Mama Pacha alikuwa na wateja watatu. Mmoja kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

"Inuka, dada, mwenye kiti kafika," Fundi akasema. Yule akainuka mbio. Fundi akamkalisha mzee, akaweka mfuko miguuni pake. "Dawa nyeupe asubuhi, nyekundu jioni. Chakula laini. Akigonga fimbo mara tatu anataka haja, usichelewe, anaona aibu. Hongera, Mama Pacha. Umepata baba."

"We, una wazimu? Fundi! Rudi hapa! Fundi!"

Mlango aliubamiza mpaka kioo cha msusi kikatikisika ukutani. Hakumtazama mzee usoni. Hilo alikuja kulikumbuka baadaye.

Nyumbani akakaa kwenye cherehani. Alikuwa na sare za shule thelathini za kumalizia, akaanza kukanyaga kama anamkanyaga mtu. Mwache ajue! Mwache ajue mtu mzima anainuliwaje, anafutwaje, mwache ajue maana ya hicho kichwa cha nne. Akashona mikono miwili, wa pili akaugeuza ndani nje, akaufumua.

Kisha darini: to, to, to.

Akaacha kukanyaga. Sauti ile aliijua kuliko jina lake. Akasubiri asikie nyayo za Mama Pacha. Zikasikika, zikaenda huku, zikarudi, sauti za wanawake zikapanda, mtu akasema "mimi siwezi," kisha kimya.

To, to, to. Safari hii haraka zaidi.

"Si wake?" Fundi akasema kwa sauti, peke yake chumbani, mbele ya kiti kitupu. "Si kaandikwa wake? Amhudumie!" Akashika gurudumu la cherehani kwa mkono asilizungushe, asije akakosa kusikia.

Mara ya tatu fimbo iligonga mara moja tu, ikaanguka, ikabiringika.

Hajui alifikaje juu. Wateja wote watatu walikuwa wamegeukia ukuta, yule wa nusu kichwa kajifunika kanga usoni. Mama Pacha alikuwa amepiga magoti, amemshika mzee mkono ule usiofaa kushikwa, analia, anasema, "Sijui kumwinua, wallahi sijui, namwambia asubiri, namwambia asubiri kidogo." Suruali ya mzee ilikuwa imelowa mpaka kwenye soksi, na chini ya kiti, kati ya nywele zilizokatwa, maji yalikuwa yanatambaa kuelekea mlangoni. Mzee aliyejenga kuta za nusu ya mji huu alikuwa anatazama mikono yake.

"Baba, nisamehe. Hawa watu wamenifanya—"

"Mara ya kwanza uliniuliza," mzee akasema.

Fundi akainama akaanza kumvua viatu kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mama Pacha akaleta maji na kitambaa bila kuambiwa, na wale wanawake wawili, wasiotazamana, wakamsafisha mzee mmoja huku mmoja kule, kama siku ile ya kumpandisha.

Alipokwisha kuvalishwa akasema, "Kesho unipeleke ofisini. Kidole ni changu."

Asubuhi muuza mitumba akawaazima mkokoteni wake, wakatandika mto. Mama Pacha akasimama ngazini akiwa na kanga moja, macho yamevimba. "Mkienda mmenimaliza! Mimi na wanangu! Mungu anawaona!" Mwenyekiti akasimama mlangoni amekunja mikono kama askari, mpaka gurudumu likamgusa kidole cha mguu, akapisha akiguna. Fundi alikuwa na majibu yao yote, tena ya kukata maini. Siku ile hakutoa hata moja. Hasira alikuwa nazo bado, lakini zilikuwa zimegeuka zinamtafuna mwenyewe.

Foleni ya ofisi ya nyumba ilifika barabarani. Walipofika dirishani, karani akaweka kidole cha mzee kwenye kimashine. Tii.

"Mzee, mashine inasema unaishi namba kumi na nne."

"Kule nilikwenda kunywa chai. Na sikuimaliza."

Watu wakacheka. Karani hakucheka. "Kwa hiyo mlimdanganya mkaguzi. Mnajua naweza kuwafuta wote? Namba kumi na nne itakaguliwa upya, hilo halina mjadala, na wewe, mama, unaandikiwa onyo. Kosa jingine, unatoka." Akachapa kitu, akafuta, akachapa tena. "Haya. Namba sita ibaki kama ilivyokuwa? Nimwandike mzee anaishi na nani?"

Fundi akavuta pumzi. Nyumba imepona! Akamtazama baba yake aseme hilo neno moja waondoke.

Mzee akageuka kumtazama binti yake. Karani akagonga kalamu juu ya meza. Nyuma mtu akalalamika kwamba wengine wana kazi.

"Mzee. Unaishi na nani?"

"Nina binti," mzee akasema taratibu, upande mmoja wa mdomo ukimsumbua. "Lakini mwulize yeye kwanza kama ananitaka. Mimi siku hizi nahamishwa bila taarifa."

Karani akainua macho, akamtazama Fundi juu ya miwani. "Mama? Unamtaka?"

Fundi, mwenye mdomo wake, aliyewajibu watu ishirini kwenye chumba cha kufulia, safari hii alinong'ona. Foleni nzima ikasogea kumsikiliza.

"Namtaka," akasema.

"Sijasikia, mama. Sema kwa sauti, hapa naandika."

"Namtaka!" akapiga kelele, machozi yanamtiririka mbele za watu. "Namtaka baba yangu!"

Karani akaandika. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akashika ncha ya nguo ya binti yake, na hakuiachia mpaka walipofika nyumbani.