Kopo Juu ya Kiti

Siku kaka mkubwa alipofariki, mdogo wake, fundi mwenzake, alikuwa amelala chali chini ya trekta la Mwalimu, akimwaga oili. Lilikuwa trekta dogo la Kijapani, lililoshuka melini likiwa limeshalima mashamba ya watu wengine huko kwao, na mita yake ilionyesha saa hamsini tangu sevisi iliyopita. Kazi yenyewe nyepesi: oili, filta, kupuliza kichujio cha hewa, basi. Oili nyeusi ilipokwisha kutona alirudisha nati, akasogeza beseni, akaifuta injini. Alikuwa anakwenda kuchukua dumu la oili mpya simu ilipolia. Shemeji yake alisema neno moja tu, njoo, na kwa jinsi alivyolisema, fundi akajua.

Aliondoka mbio. Ufunguo aliuacha kwenye trekta.

Kaka huyo wateja walimwita Bwana Masaa, maana hakumuuliza mtu habari za nyumbani kabla hajauliza injini imefanya kazi masaa mangapi. Katika karakana yao alikuwa na sheria moja. Oili ya zamani ikitoka, ufunguo unaingia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo linakaa juu ya kiti cha dereva mpaka oili mpya iingie. Mdogo wake aliwahi kumuuliza kama hii ni karakana au chekechea. Kaka hakukasirika.

"Akili unazo, sikatai," alimjibu. "Kopo ni la siku ambayo akili haipo."

Mchana ule Mwalimu, mama mstaafu mwenye shamba la mboga, alifika kama walivyoahidiana. Hakukuta mtu. Aliona injini inang'aa, ufunguo upo mahali pake, akajua kazi imekwisha, akaliwasha trekta na kuondoka nalo. Kabla hajafika shambani injini ilikamata, ikazima isizunguke tena.

Siku ya tatu alikuja msibani. Alimpa fundi mkono, kisha akamwita pembeni, nyuma ya tangi la maji.

"Samahani kukuletea hili hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Trekta nimeliua mimi. Nililiondoa bila kukuuliza. Taa nyekundu ikawaka, nami Kijapani chenyewe sikijui, nikadhani ni ya breki. Usiwaambie watu, mwanangu. Watanicheka."

Maneno yalimjia fundi mdomoni, akayameza.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Tutaliangalia."

Mwalimu akamshukuru. Shukrani ile ilimsumbua siku nzima, na hata kwa hilo aliona haya, kwamba amemzika kaka yake juzi na leo anawaza trekta.

Matanga yalipokwisha, trekta lilivutwa hadi karakana. Mchomeleaji wa jirani alipoliona akasema Mwalimu amefeli mtihani wa vitendo. Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, kidogo, puani. Shemeji yake alikuwepo, amekuja kuchukua ovaroli ya marehemu. Yeye hakucheka. Alitazama kwenye rafu, ambako kopo lilikuwa limetulia na vumbi lake.

"Siku ile kopo lilikuwa wapi?" aliuliza.

Fundi alikuwa ameshika spana isiyo na kazi. "Hapo hapo, shemeji."

Shemeji aliitazama ile spana. Aliikunja ovaroli vizuri, kama mtu anayepanga nguo za safari, akaitia kwapani, akatoka.

Alasiri hiyo hiyo fundi alikwenda kwa Mwalimu kwa miguu. Alisimama mlangoni, macho kwenye viatu vyake, akaeleza yote: kwamba injini ilikuwa kavu, na kwamba aliyeiacha kavu, ufunguo ukiwa mahali pake, ni yeye. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Habari za injini hakuuliza hata moja.

"Sasa mbona ulinipa pole?"

Fundi aliaga, akarudi karakana.

Injini aliifungua yote akaifunga upya, na siku ilipowaka alimwambia mchomeleaji na wenzake, mbele ya Mwalimu, kosa lilikuwa la nani. Hakuna aliyecheka.

Siku hizi kopo hukaa juu ya kiti kila oili inapomwagwa. Trekta la Mwalimu linafanyiwa sevisi kwa fundi mwingine, ng'ambo ya barabara. Kila zikitimia saa hamsini Mwalimu hupita nalo mbele ya karakana, na akimwona fundi wake wa zamani humsalimia.