Jino Lililokufa la Kabongo

Mume wangu Kabongo alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa na daktari, na hilo si kosa. Shida yake ni kwamba katika maneno yote aliyoambiwa, alibeba moja tu. Daktari Adrien, aliyekuwa na kabine, chumba cha kutibu meno, mjini Likasi, alimtibu jino la nyuma, la chini, upande wa kushoto. Alilitoboa, akaondoa mshipa wa ndani, akaziba mashimo, kisha akalivika kofia ya chuma. Kabongo alirudi nyumbani akasimama mbele ya kioo, mdomo wazi, akijitazama kama bwana harusi.

“Docteur anasema aliua nerf,” akaniambia. “Ile jino inakufwa, Mama Reine. Haitaniluma tena hata siku moja.”

Hakuniambia kwamba daktari alimtaka arudi juma lililofuata, ili aione ile kofia kama imekaa juu mno na kuisugua kidogo. Hayo niliyajua baadaye, mahali ambapo hayakuwa na faida tena. Wakati ule nilijua tu kwamba jino limekufa, nikafurahi, maana mwanamume mwenye jino bovu ni mzigo kuliko mtoto mchanga.

Jino lililokufa likaendelea kuuma. Halikuuma mchana kutwa. Angeweza kula ugali wa bukari na mboga ya lengalenga vizuri, akanywa chai, akapiga soga, nikasema afadhali. Halafu siku moja anatafuna kitu kigumu, na palepale anaruka kwenye kiti, mkono shavuni, machozi yakimlengalenga. Alikuwa karani wa ghala kwenye kiwanda cha shaba, mtu wa shati safi na kalamu mfukoni, na ilinichoma kumwona anaruka hivyo mbele ya watoto wa jirani.

Aliporudi kwa Daktari Adrien alikuta mlango umefungwa kwa mnyororo na kioo cha dirisha kimevunjwa. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Daktari alikuwa mtu wa Kasai kama sisi. Nasema kama sisi, ingawa Kabongo alizaliwa Likasi na mimi pia, na Kasai tuliijua kwa masimulizi ya baba zetu walioletwa kuchimba. Lakini mwaka ule vijana Wakatanga, wenyeji wa mkoa, walipita barabarani wakiimba kwamba sisi ni bilulu, wadudu, na wadudu hawaulizwi walizaliwa wapi. Kila asubuhi kulikuwa na nyumba nyingine iliyokaa kimya. Kiwandani nako mashine zilikuwa zikizimwa moja baada ya nyingine, na watu wasio na kazi walikaa vibarazani wakitutazama tunavyopita.

Basi hapakuwa na wa kumweleza Kabongo juu ya jino lake, na mume wangu akajieleza mwenyewe.

“Kintu ya kufwa haiwezi kuluma,” alisema. “Unaona mufu analia? Kama inaluma, kuko muntu anaitumia.”

Nilimwambia aende zahanati wamng'oe. Akanitazama kana kwamba nimemwambia auze mguu. Jino lenye kofia haling'olewi, alisema, ni kazi ya docteur. Badala yake akaenda kwenye chumba cha maombi cha Pasta Hénoc, na mimi nikamfuata, kwa sababu sikupenda alivyokuwa akiyazungusha macho siku zile.

Pasta alimwekea mkono kichwani, akamwuliza maumivu yanakuja wakati gani. Kabongo akafikiri. Niliona jibu likimjia, na hadi leo natamani ningemwaga maji, ningepiga kelele, ningefanya lolote lile lisitoke.

“Wakati ninakula vya Ba Urbain.”

Urbain alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapo mtaani Shituru, Mkatanga, mtu wa tanuri la kiwandani, mwenye mikono yenye makovu ya moto. Yeye na mume wangu walikuwa wakiketi pamoja kila jioni tangu kabla sijaolewa. Mkewe Angèle alikuwa na shamba la karanga, na kila walipovuna alitukaangia sahani nzima. Binti yetu Reine, aliyekuwa bado hajaanza shule, alikula kwao kuliko kwetu. Watu wa chumba cha maombi waliposikia jina la Mkatanga waliitikia amina kwa sauti nzito. Mimi nilicheka. Hakuna mwingine aliyecheka, na nikaona aibu, na baada ya aibu nikaogopa.

“Papa Reine, karanga iko nguvu,” nilimwambia njiani. “Na jiwe ukitafuna itakuluma. Bukari haikulumi juu iko laini. Njo vile tu.”

Akaongeza mwendo. Kesho yake nikanunua karanga sokoni, kwa mama nisiyemjua, nikazikaanga mwenyewe na kumwekea mbele. Akatafuna, akaruka, akashika shavu. Nikamwambia, umeona sasa? Hizi si za Angèle. Kabongo akanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu anayemwona mwenzake amedanganywa.

“Bamekuingiza na weye,” akasema.

Tangu siku hiyo aliacha kuketi na Urbain. Urbain akija, Kabongo anaingia ndani. Mimi ndiye niliyebaki uani nikitunga uongo, leo amelala, leo ana kazi za ofisi, na Urbain akiitikia tu bila kuuliza. Wakati huohuo shavu la mume wangu lilianza kujaa, na pumzi yake ikapata harufu, na nyimbo za vijana zikasogea kutoka barabara kubwa hadi barabara yetu.

Jumapili moja mchana, baada ya ibada, Urbain aliingia bila kubisha. Alizungumza haraka, kwa sauti ya chini.

“Ba Kabongo, juma hii batapita hapa. Miye nimesikia. Ndugu yangu anatumika Koni, ku centrale ya umeme ku Lufira, iko na chumba nyuma ya nyumba. Dereva moja wa Kakontwe, mwenye kubeba ciment, atabapitisha. Muende na mutoto, mungojee kule. Kule hakuna muntu atabauliza.”

Nilianza kulia kwa shukrani kabla hajamaliza. Kabongo alisimama. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja hata jicho lilikuwa dogo, na homa ilikuwa ikimtetemesha.

“Koni,” alisema. “Ku mayi. Unataka ututupe mu mayi ya Lufira.”

“Ba Kabongo...”

“Docteur aliua ile jino, na weye unaifufula kila siku. Weye njo uko mu jino yangu, Urbain. Uko mulozi.”

Alilisema kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi, na jirani wa upande wa pili, aliyekuwa akifua nguo, aliacha kufua. Asiyeishi kwetu hajui uzito wa neno hilo. Mtu akikuita mwizi unaweza kuonyesha mikono yako. Akikuita mlozi, yaani mchawi, huna cha kuonyesha, na kila wema utakaoufanya baada ya hapo unakuwa ushahidi. Urbain alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

“Camion itapita, Mama Reine,” akasema taratibu, akatoka.

Kesho yake asubuhi, Kabongo akiwa kwenye maombi, nilimvika Reine gauni lake la Jumapili nikampeleka kwa Angèle. Nikamwomba ampandishe kwenye lori likipita. Angèle alimpokea, akamfumua nywele na kuanza kumsuka kama Wakatanga wanavyowasuka watoto wao. Mimi sikuweza kwenda. Mume wangu alikuwa mgonjwa, na pamoja na hasira yote niliyokuwa nayo, na nilikuwa nayo tele, sikuwa mwanamke wa kumwacha mtu wangu na homa mikononi mwa vijana wale.

Walikuja siku hiyohiyo, kabla jua halijageuka. Hawakutupiga. Walituambia tu tutoke, wakaingia, na mmoja akakaa kwenye kiti cha Kabongo. Tulibeba godoro na sufuria, tukaenda kituo cha treni.

Kituoni watu walikuwa wamejaa kuanzia ofisi ya tiketi hadi mbali kwenye reli, kila familia chini ya shuka au kipande cha plastiki. Treni ya Kasai ingekuja, hakuna aliyejua lini. Maji yalikuwa machache. Watoto walikohoa huku na huku, macho mekundu, na kila siku tuliona akina baba wakielekea upande wa makaburi na kitu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa surua. Nilikaa katikati ya yote hayo na moyo wangu umetulia, kwa sababu Reine hakuwepo. Nilimwambia Kabongo kwamba yuko na dada yangu, aliyefukuzwa kabla yetu, upande wa pili wa reli. Aliniamini mpaka dada yangu alipokuja kutusalimu akiwa peke yake.

Aliinuka na homa yake, akashika njia ya kwenda kwa Urbain. Nilimfuata hadi mwisho wa kituo nikimsihi, nikimshika shati, na watu wakitutazama. Alinisukuma. Alasiri alirudi akifuata reli, Reine mabegani, amevikwa sweta ya mtoto wa Angèle. Mume wangu alikuwa akitabasamu kwa upande ule wa mdomo uliobaki.

“Nimemutosha mu kinywa ya mulozi,” alisema.

Baadaye nilisikia ilivyokuwa. Angèle alimfunika Reine kwa mwili wake. Urbain ndiye aliyemwambia amwachie. Majirani walikuwa wamekusanyika, na yule aliyekuwa akifua nguo alikuwa ameshalieneza neno la Kabongo. Mtu aliyeitwa mlozi akimzuia mtoto wa mwenzake asirudi kwa baba yake, wangemchoma na nyumba yake, na mtoto akiwa humo ndani. Basi Angèle akafungua mikono. Lori la saruji lilipita asubuhi iliyofuata, likaenda Koni tupu.

Reine alikaa nasi kituoni siku nyingi, akicheza na watoto waliokuwa wakikohoa. Nilimkataza, nikamkalisha kwenye godoro, nikamfunika. Utamfungia wapi mtoto mahali pasipo na mlango? Alianza na mafua. Kisha macho. Kisha vipele vikatoka nyuma ya masikio na kushuka usoni, na mwili wake ukawa moto hata nikashindwa kumweka kifuani.

Nilitembea nikiuliza kama kuna daktari. Mama mmoja akanielekeza penye mabehewa mabovu, chini ya turubai, akasema yuko docteur pale. Nilikimbia. Nilimkuta Daktari Adrien ameketi juu ya sanduku lake, ndevu zimeota. Nilikaa chini nikalia. Katika madaktari wote wa Likasi Mungu alinipa wa meno.

Alikuja hata hivyo. Alimtazama Reine, akaniambia nimpe maji kidogo kidogo, akakwepa macho yangu. Halafu akamwona Kabongo.

“Weye haukurudiaka kwangu ile juma nilikuambia urudie,” akasema.

“Tulikuta umefunga,” nikajibu.

Alimfungua mdomo, akageuza uso kwa harufu. Alitoa koleo katika sanduku, akaomba sufuria yetu, akalichemsha humo. Wakati maji yakichemka alizungumza na mume wangu kwa upole, kama anavyozungumza mtu aliyeharibu kazi.

“Niliua nerf ya ndani, Papa. Inje, mu mufupa, kintu yote iko muzima, inaweza kuluma. Ile couronne, ile kofia, iko juu sana. Ukitafuna kintu ya nguvu, yeye njo inapigwa ya kwanza. Na sasa naona kuko racine, muzizi moja, sikuisafisha muzuri. Inaoza pale chini.”

Kabongo alimshika mkono.

“Hakuna muntu?”

“Hakuna muntu. Ni jino tu. Na kosa ni yangu.”

Wanaume wawili walimshika. Jino lilitoka na kofia yake, na nyuma yake usaha mwingi, hata waliomshika wakamwachia. Kabongo alilia kwa sauti, kisha akanyamaza, kisha akalala palepale kwa ubavu, mdomo wazi. Alilala kama ambavyo hakulala tangu siku ile ya kioo. Homa ilimshuka nikimwona. Alikoroma, na uso wake ukaanza kurudi kuwa uso wa mtu ninayemjua.

Mimi nilikuwa na Reine mapajani. Nilimlowesha midomo kwa kona ya khanga. Aliomba nimsuke tena, zile nywele zilikuwa zimefumuka, nikaanza kumsuka. Nilikuwa sijafika nusu ya kichwa alipoacha kupumua. Sikupiga kelele. Kituoni pale kelele hazikuleta mtu. Niliendelea kusuka hadi nikamaliza, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini.

Kabongo aliamka jua likiwa bado juu. Aliketi, akameza mate, akasikiliza mdomo wake kwa muda, na furaha ikamjaa usoni.

“Inaisha,” alisema. “Mama Reine, haiko tena. Nilikosa. Nilimukosea Ba Urbain sana. Tutamurudisha mutoto kule leo leo, na mbele yake nitapiga magoti.”

Nilimwambia.

Alinitazama, akamtazama mtoto. Hakulia. Aliinua mkono akauweka shavuni, upande wa kushoto, akabonyeza kwa vidole viwili, kisha kwa nguvu zaidi, kisha akaingiza kidole mdomoni hadi kule nyuma kwenye shimo na kusukuma mpaka damu ikamtoka, akiyatafuta yale maumivu. Hayakuwepo.