Siku Redio Aliposhukuru

Kati ya makocha wote wa shule waliokusanywa ukumbini kujifunza habari za kuumia kichwa, hakuna aliyekuwa na mdomo kama Redio. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa mpira wa miguu, na hakulikataa, kwa sababu hata yeye alijua kwamba hana kitufe cha kuzima. Daktari aliyeletwa kuwafundisha, dada mmoja mpole wa miwani, alikuwa hajamaliza hata salamu, Redio akawa ameshanyoosha mkono. Alitaka kujua kwa nini watu wazima waache vipindi vyao kuja kuambiwa kwamba mtoto akigongwa kichwa anaumia. Yeye enzi zake aligongwa mara ngapi, akamwagiwa maji, akarudi uwanjani, na mbona yuko timamu?

"Hilo la utimamu tusiliharakishe, shemeji," ilisikika sauti kutoka safu ya nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ilikuwa sauti ya Kipenga, kocha wa netiboli wa shule ya jirani, na mdogo wa mke wa Redio. Utani wa hawa wawili ulikuwa wa kukata na shoka. Tangu siku Redio alipokuja kwao kuposa amevaa suruali iliyomzidi kimo, Kipenga hakuwahi kumwacha apumue, na Redio naye hakuwahi kuacha neno la Kipenga lidondoke bila kulijibu. Hata pale ukumbini aligeuka akamwambia kwamba mtu ambaye kazi yake ni kufundisha watoto kutumbukiza mpira kwenye pete hana mamlaka ya kupima akili za watu. Kipenga alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Daktari alicheka nao, kisha akaendelea. Aliwaeleza kwamba mtikisiko wa ubongo hautoi damu ya kuonekana, na mtoto si lazima azimie ndipo ujue ameumia. Waangalie kizunguzungu, kichefuchefu, mwendo wa kuyumba, mwanga kumsumbua macho. Akawafundisha maswali ya kumuuliza aliyegongwa: tuko uwanja gani, ni kipindi cha kwanza au cha pili, nani kafunga bao la mwisho. Ukiwa na shaka, anatoka, na siku hiyo harudi, hata alie. Mwishoni akagusia jambo ambalo wengi hawakuliandika, kwamba wakati mwingine dalili pekee ni mtoto kubadilika tabia, na atakayeiona ni yule anayemjua akiwa mzima.

Pamoja na ubishi wake, Redio alikuwa mwanafunzi mzuri. Kufikia saa ya chai alikuwa amekariri kila kitu. Alizunguka na kikombe mkononi akiwauliza wenzake maswali yale, na kuwakosoa kabla hawajajibu.

Mchana wakaingia uwanjani kwa mechi ya makocha, wanaume na wanawake wakiwa wamechanganywa. Redio alikuwa nahodha huku, Kipenga nahodha kule. Ilikuwa mechi ya vitambi na magoti yanayolia, na walifurahi mno. Timu ya Redio ilikuwa mbele kwa mabao mawili ilipopata kona. Redio akaruka kuufuata mpira, mpira ukampita, na kichwa chake kikakutana na nguzo ya goli kwa kishindo kilichosikika mpaka madarasani.

Makocha wakamzunguka, na hapo wakafanya kosa la watu waliofundishwa asubuhi ile ile. Daktari alikuwa upande wa pili akimfunga mtu bandeji kifundoni, na wao walikuwa na hamu ya kujaribu elimu yao. Kila mmoja alitaka aulize yeye. Tuko uwanja gani? Redio akajibu. Kipindi gani? Akajibu. Nani kafunga la mwisho? Akajibu, tena alilifunga mwenyewe. Wakapiga makofi, wakamwinua, wakamfuta vumbi. Hakuna aliyefikiri kwamba maswali hayo yalikuwa mdomoni mwa huyu bwana tangu chai, na angeyajibu hata usingizini.

Kipenga alipomwona amesimama, moyo ulimtulia, na kwa mazoea akamrushia lake. "Shemeji, ile nguzo ipo pale tangu shule ijengwe. Ndiyo kwanza mnaonana?"

Redio akamtazama. Akatabasamu kwa adabu.

"Asante, shemeji," akasema. "Nitakuwa mwangalifu."

Kipenga alisubiri mkia wa sentensi ile, kejeli ndogo, chochote. Haukuja. Redio aligeuka taratibu akarudi kwenye nafasi yake, na mpira mwingine wa juu ulikuwa tayari unapigwa kuelekea kwake. Kipenga alimwona dada yake akilini, akaona kichwa kile kikigongwa mara ya pili. Hakuwa mwamuzi, lakini aliitia filimbi yake mdomoni akaipuliza kwa nguvu zake zote.

Mechi ikasimama, na minong'ono ikaanza. Kafungwa mawili, sasa anatafuta pa kutokea. Kipenga aliisikia yote na uso ukamwaka moto, ila hakurudi nyuma. Daktari akaja mbio, akamuuliza ameona nini.

"Amenishukuru," Kipenga akasema.

Watu walivunjika mbavu. Daktari peke yake hakucheka. Aliuliza kwa kawaida shemeji huyu humjibu vipi, na Kipenga akamwambia kwamba katika miaka yote ya undugu wao hajapata kutoka kwake neno jema hata la bahati mbaya.

"Basi anatoka," daktari akasema.

Redio akatoka. Hakubisha wala hakuuliza. Redio, ambaye aliwahi kubishana na mwamuzi juu ya mpira wa kurusha mpaka wachezaji wa timu zote mbili wakaenda kunywa maji wakarudi, alitii akaenda kukaa kwenye benchi. Hapo vicheko vikakatika kimoja baada ya kingine, kwa sababu wote walimjua. Hata dakika chache hazikupita, akainama akatapika. Wakampakia kwenye gari wakamkimbiza hospitali.

Dada mtu alifika hospitali viatu mkononi. Kipenga alimsimulia yote palepale kwenye korido, na alipofika kwenye ile asante, dada akaanza kucheka, kisha akalia, akashindwa kujua ashike lipi.

"Ingekuwa ni mimi, mdogo wangu," akasema, "ningeshangilia. Ningesema hatimaye mume wangu amekua."

Walikuwa bado wamekumbatiana daktari wa zamu alipotoka kuwaambia kwamba ubongo umetikisika, haujavuja damu, na mgonjwa akipumzika vizuri atapona. Kipigo kingine juu ya kile, akasema, kingekuwa habari nyingine. Kipenga alishusha pumzi ndefu, na furaha ilimjaa akatamani kumkumbatia na daktari.

Kesho yake, mafunzo yalipofungwa ukumbini, Kipenga alikuwa anapongezwa kila kona, na kichwa kikamvimba kidogo. Daktari wa mafunzo akawaomba makocha kila mmoja aeleze mchezaji wake mmoja jinsi alivyo akiwa mzima. Mmoja akasema kipa wake huimba akiogopa. Mwingine akasema beki wake asiponuna, ujue anaumwa. Kipenga akasimama kifua mbele, akamtaja mfungaji wake, binti mrefu, mwepesi, asiyekosa pete.

"Huo ni uchezaji wake," daktari akasema. "Yeye mwenyewe yukoje?"

Kipenga akafungua mdomo. Akatafuta, akakosa, akakaa.

Siku iliyofuata, kwenye mazoezi, aliwasimulia wachezaji wake kisa cha ile asante, kisha akamwita yule binti wakakaa benchini. Akamuuliza kwa sauti ya upole anapenda nini, nini humchekesha, akikasirika husema au hunyamaza. Binti aliweka mpira chini, akasogea, akamchunguza macho, la kulia kisha la kushoto, halafu akamshika mkono polepole.

"Mwalimu," akasema, "tangu tuanze leo hujanifokea hata mara moja. Umejigonga wapi?"